Blokcheni katika hati za shehena: inafanya kazi vipi, na wakala mdogo wa forodha atafaidika na nini?

Wakala wa Kilindini anauliza:

Assalaam alaikum, ndugu zangu, na salamu kwa wote. Mimi ni wakala wa forodha mwenye ofisi ndogo hapa Mombasa. Kazi yetu kubwa ni kuondosha makasha ya wateja wanaoagiza vipuri na vifaa vya ujenzi, na msimu unapofika husafirisha parachichi pia. Hivi karibuni mimi na mawakala wenzangu tulialikwa kwenye kikao ambapo kampuni moja ilituonyesha mfumo wa hati za shehena uliojengwa juu ya blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa nakala nyingi. Tuliambiwa kwamba hati ikishaingizwa humo haiwezi kughushiwa, kwamba benki, forodha na wenye meli wataona jambo lile lile kwa wakati mmoja, na kwamba atakayechelewa kujiunga atajikuta nje ya biashara. Ada hulipwa kila mwezi, na kwa ofisi ya kadiri yangu si ada ndogo.

Nilipouliza ni kitu gani hasa kinachozuia kughushi, nilijibiwa kwamba ni hesabu, na maelezo yakaishia hapo. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa lugha ambayo mtu wa forodha anaweza kuifuata: hesabu hiyo inafanya nini, na inamzuia nani? Tena, katika safari ya hati zetu, kutoka kwa mkulima au kiwandani hadi kasha linapopakiwa melini, ni wapi ambapo teknolojia hii inatibu maradhi ambayo mifumo tuliyo nayo haijayatibu? Habari za kununua Bitcoin ili nitajirike nimezisikia za kutosha, kwa hiyo nitashukuru tukiziweka kando.

Mhandisi wa Tudor anajibu:

Waalaikum salaam, ndugu Wakala. Uliyejibiwa "hesabu" ulipewa nusu ya jibu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayokuhusu zaidi wewe unayetakiwa kutoa pesa.

Hesabu yenyewe ni hii. Ipo kanuni ambayo huchukua maandishi yoyote, yawe neno moja au faili nzima ya hati, ikatoa alama ya urefu usiobadilika iitwayo heshi. Kanuni inayotumiwa na Bitcoin, SHA-256, hutoa heshi ambayo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Ukibadilisha uzito wa shehena kutoka kilo 24,000 hadi kilo 24,001, heshi itakayotoka haitafanana kabisa na ile ya kwanza, na hakuna njia inayojulikana ya kuanzia kwenye heshi ukatunga hati nyingine itakayoitoa heshi hiyo hiyo. Katika blokcheni, maingizo hukusanywa katika makundi yaitwayo bloku, na kila bloku hubeba ndani yake heshi ya bloku iliyoitangulia. Kwa hiyo anayegusa ingizo la mwaka jana huibadilisha heshi ya bloku lilimo, na kwa kuwa heshi ya zamani imekwisha kuandikwa katika bloku inayofuata, mnyororo wote kuanzia hapo hukataa kuoana.

Wazo hili ni la zamani kuliko sarafu za kidijitali. Mwaka 1991 Stuart Haber na W. Scott Stornetta walichapisha njia ya kuzitia hati za kidijitali alama ya wakati kwa kuzifunganisha hivyo hivyo, na kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ilikuwa ikichapisha heshi ya kumbukumbu za kila juma katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Aliyetaka kuibadilisha kumbukumbu angelazimika kwanza kuyakusanya magazeti yote yaliyokwisha kuuzwa.

Ukiutazama vizuri mfano huo wa gazeti utaiona ile nusu ya pili. Mnyororo wa heshi peke yake haumzuii mtu. Kompyuta ya mezani inaweza kuzihesabu upya heshi za mnyororo mzima kwa muda mfupi, na mghushi akatoka na mnyororo mpya usio na kasoro yoyote. Kinachomkwamisha ni kwamba nakala nyingine ziko mikononi mwa watu asiowaamuru, na kwamba pana utaratibu wa kuamua nakala ipi ndiyo halali na nani anayeruhusiwa kuongeza bloku inayofuata. Wengi huifananisha blokcheni na daftari la chama ambalo kila mwanachama ana nakala yake. Mfano huo unafaa, ila unaliruka swali gumu, ambalo ni nani anayeshika kalamu leo.

Bitcoin, iliyoelezwa katika waraka wa Oktoba 2008 uliotiwa jina la Satoshi Nakamoto na kuanza kazi Januari 2009, ililijibu swali hilo kwa gharama. Kompyuta hushindana kutafuta namba ambayo, ikichanganywa na bloku, hutoa heshi iliyo chini ya kiwango kilichowekwa, na namba hiyo haipatikani ila kwa kujaribu tena na tena. Kila baada ya bloku 2,016, yaani takriban wiki mbili, mtandao hurekebisha ugumu wake ili bloku moja itoke kwa wastani wa kila dakika kumi. Anayetaka kubadilisha yaliyopita hana budi kuirudia kazi hiyo yote na kuwapita wenzake wote walio mbele yake, na umeme wa kufanya hivyo haulipiki. Ethereum, blokcheni nyingine ya wazi yenye sarafu yake, ilianza mwaka 2015 kwa njia hiyo hiyo, kisha Septemba 2022 ikahamia utaratibu wa dhamana, ambapo mwenye kutaka kuthibitisha bloku huweka sarafu za mtandao huo rehani na hukatwa akidanganya. Matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Mifumo ya kibiashara kama huo mlioonyeshwa kwa kawaida haina mashindano wala rehani. Washiriki wanajulikana, kila mmoja ana cheti chake cha kidijitali, na kompyuta zinazotunza nakala, ziitwazo nodi, ni za mashirika yaliyokubaliana. Sioni ubaya katika hilo, lakini linageuza swali lako la pesa. Ikiwa nodi zote ziko chini ya kampuni hiyo hiyo inayokuuzia, basi unalipia hifadhidata yao ya kawaida iliyovishwa kanzu ya harusi. Kabla ya kusaini, uliza nodi ni ngapi, ziko kwa nani, na ni wangapi wanaotakiwa kukubali ndipo ingizo lipite.

Mzee wa Shehena anajibu:

Nimefanya kazi za usafirishaji majini hadi nikastaafu, na ningependa kuongezea historia ambayo huenda hamkusimuliwa kikaoni, ingawa bandari yetu imo ndani yake.

Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia mzigo wa bidhaa za kuhifadhiwa kwenye baridi kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya, ikakuta kwamba mzigo huo mmoja ulipita kwa karibu watu na mashirika 30, wakiwasiliana wao kwa wao zaidi ya mara 200. Aliyewahi kusafirisha maua au parachichi hatashangaa. Kuna mkulima, mpakizi, mkaguzi wa afya ya mimea, mtu wa forodha, mwenye lori, bandari, wenye meli, benki ya hapa na benki ya kule, na kila mmoja anataka karatasi ya mwenzake kabla ya kutoa ya kwake. Karatasi moja ikikwama, kasha hukaa uwanjani, gharama za kulihifadhi hupanda, na bidhaa huiva ndani ya bandari.

Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM waliungana kulitatua hilo, wakafanya majaribio, yakiwemo ya kasha la maua kutoka Mombasa hadi Rotterdam, na mwaka 2018 wakatangaza mfumo uitwao TradeLens. Haukuwa mradi wa wanagenzi. Wapinzani wa Maersk katika biashara ya makasha, kama vile MSC na CMA CGM, walijiunga mwaka 2019. Hata hivyo, Novemba 2022 wenyewe walitangaza kwamba wataufunga, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ukafungwa. Sababu waliyoieleza ni kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima duniani haukupatikana, na kwa hiyo mfumo haukuweza kujilipia.

Teknolojia ilifanya kazi iliyotakiwa. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni watu kukubaliana, na hasa wapinzani kuridhika kumwaga siri za biashara yao katika mfumo uliozaliwa nyumbani kwa mshindani wao. Ndugu Wakala, ikiwa kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote mradi ulipoanza, yenye meli zake na fedha zake, ilishindwa kuwaweka watu wa kutosha kwenye meza moja, waulize hao waliokualika ni nani hasa waliokwisha kukaa. Mfumo wa hati ambao forodha na benki ya mnunuzi hazimo utakuongezea mahali pa kuingiza taarifa zile zile unazoziingiza kwingine.

Pamoja na hayo, sehemu moja naamini ina faida ya kweli, nayo ni hati asilia ya kupakia mzigo, ile inayotolewa na wenye meli, ambayo anayeishika ndiye mwenye haki ya kudai shehena. Hati hiyo ni mali. Hupita mkononi kutoka kwa muuzaji hadi benki hadi mnunuzi, mara nyingi kwa tarishi wa ndege, na meli nyingine hufika kabla yake. Tatizo la kuihamisha kwenye kompyuta lilikuwa moja tu kwa miaka mingi: faili hunakiliwa, na ukiwa na nakala kumi, mwenye mali ni yupi? Mwaka 2014 katika bandari ya Qingdao nchini China iligunduliwa kwamba shehena zile zile za madini zilikuwa zimewekwa rehani zaidi ya mara moja kwa stakabadhi za ghala zilizorudiwa. Daftari ambalo pande zote zinaliona na ambalo humtambua mmiliki mmoja tu kwa wakati mmoja lingemkatalia yule wa pili papo hapo. Uingereza, ambayo sheria yake hutawala mikataba mingi ya bahari, ilipitisha sheria mwaka 2023 inayoipa hati ya kielektroniki nguvu ile ile ya karatasi, kwa sharti kwamba mfumo unaotumika uhakikishe ni mtu mmoja tu anayeimiliki kwa wakati mmoja. Sheria hiyo haitaji teknolojia yoyote kwa jina, na hilo ni la kuzingatia. Blokcheni ni njia mojawapo tu ya kulitimiza sharti hilo.

Binti Mikindani anajibu:

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante kwa maelezo. Mimi naomba kuleta mfano ulio karibu zaidi na nyumbani, kwa sababu Mombasa ilikuwa na jambo la namna hii kabla ya watu wengi mjini kulisikia neno blokcheni.

Mwaka 2013 katika mtaa wa Bangladesh, huku kwetu, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Muuza mboga asiye na shilingi siku hiyo aliweza kumlipa fundi kwa vocha, na fundi akanunua maji kwa vocha hiyo hiyo, kwa kuwa wote walikuwa wamekubaliana kuzipokea. Muda mfupi baada ya kuanza, mwanzilishi wake, Will Ruddick, na wenzake walikamatwa wakashtakiwa kwa tuhuma za kughushi, na mwaka huo huo mashtaka yakaondolewa. Baadaye shirika lake la Grassroots Economics liliendeleza wazo hilo kwa jina la Sarafu na kulihamishia kwenye blokcheni, na watu wakawa wanalitumia kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Takwimu za miamala ya kati ya mwaka 2020 na 2021 zilichapishwa kwa ajili ya watafiti, bila majina ya watu, zikiwa za watumiaji takriban 40,000.

Ninachokiona katika mfano huo ni kwamba vocha zilitembea mtaani zikiwa karatasi tupu, kwa sababu watu walifahamiana. Blokcheni ilipokuja haikuleta imani hiyo. Ililoleta ni kumbukumbu ambayo mtu wa nje, kama vile mfadhili au mtafiti, anaweza kuikagua bila kumwomba ruhusa mwenye mfumo. Hiyo ni faida, lakini anayefaidika nayo kwanza ni mkaguzi, na muuza mboga baadaye sana.

Pia kuna suala la ufunguo. Katika mifumo hii anayehamisha mali hutia sahihi kwa ufunguo wa siri, ambao ni namba ndefu isiyokaririka, na ukipotea hakuna ofisi ya kwenda kuomba mwingine. Simu ndogo ya kabambe haiwezi kuutunza ufunguo huo kwa usalama, kwa hiyo lazima mtu mwingine akushikie, na hapo umerudi kumwamini mtu, sawa na unavyoiamini M-Pesa itunze salio lako. Ndugu Wakala, nadhani ingefaa uwaulize hao watu funguo za ofisi yako zitakaa kwao au kwako, na karani wako akiacha kazi zinabadilishwa vipi.

Wakala wa Kilindini anajibu:

Nawashukuru sana, na nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Limebaki jambo moja ambalo naona mmelipita kwa mbali. Udanganyifu ninaokutana nao mimi hauko kwenye hati iliyobadilishwa baada ya kutolewa. Uko kwenye hati iliyoandikwa uongo tangu mwanzo: kasha limeandikwa vigae, ndani mna kitu kingine, au bei ya ankara imepunguzwa ili ushuru upungue. Je, mfumo huu unayaona hayo? Na likitokea shauri mahakamani, je, ingizo la blokcheni ni ushahidi?

Mhandisi wa Tudor anajibu:

Swali la kwanza nalijibu mimi: hauyaoni. Heshi ya tangazo la uongo ni heshi safi kabisa. Mfumo utathibitisha kwamba maneno "vigae, makatoni 900" yaliandikwa na fulani saa fulani na hayajaguswa tangu hapo, wala hautakuwa umelifungua kasha. Wapo wanaofunga lakiri za kielektroniki na vipima joto vinavyotuma taarifa moja kwa moja, na hivyo husaidia kujua kama mlango ulifunguliwa njiani au baridi ilikatika, lakini aliyepakia uongo kabla ya lakiri kufungwa amekwisha kupita. Kwa jambo hilo mashine ya eksirei na mkaguzi aliye macho bado ndio wenye kazi.

Kwa sababu hiyo hiyo sikuwahi kushawishika na pendekezo la kuweka hatimiliki za ardhi za Pwani kwenye blokcheni, ingawa hutolewa mara kwa mara. Ugomvi wetu wa ardhi mwingi unahusu nani aliyestahili kuandikwa tangu awali, na kuugandisha uandikishaji wenye utata ili usibadilike kunampa nguvu aliyetangulia kuandikisha.

Ila usiidharau faida ndogo iliyopo. Ankara ile ile ikiwa imeonyeshwa benki kwa bei moja na forodha kwa bei nyingine, mfumo ambao pande zote mbili zimo huidhihirisha tofauti hiyo mara moja, kwa kuwa heshi hazitaoana. Anayetaka kudanganya italazimu adanganye kwa namna moja kwa wote, na mara nyingi hilo linamgharimu, kwa sababu benki hukopesha kwa bei kubwa na forodha hutoza kwa bei hiyo hiyo.

Wakili wa Ganjoni anajibu:

Kuhusu ushahidi, sheria ya Kenya haibagui kumbukumbu kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Sheria ya Ushahidi, katika vifungu 78A na 106B, inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo, na kifungu cha 106B kinaweka masharti, likiwemo la cheti kutoka kwa mtu mwenye dhamana ya mfumo, kinachoeleza jinsi kumbukumbu ilivyotolewa. Katika blokcheni ya wazi kama Bitcoin unaweza kujiuliza mtu huyo ni nani; katika mfumo wa kampuni jibu ni rahisi, kwa hiyo hakikisha mkataba wako unawafunga kutoa cheti hicho unapokihitaji, na kwa muda gani baada ya wewe kujitoa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulipita haraka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe, na katika hali fulani zifutwe, ilhali sifa kubwa ya mfumo huu ni kutofutika. Njia inayotumika ni kuweka hati na majina ya watu katika hifadhi ya kawaida, na kuingiza heshi peke yake kwenye mnyororo. Waulize kama wamefanya hivyo, kwa sababu ukiingiza nakala ya kitambulisho cha mteja wako mahali pasipofutika, anayeweza kuitwa kujieleza ni pamoja na wewe uliyeiingiza.

Mwisho, wasikuchanganye na habari za leseni. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali iliyotiwa sahihi Oktoba 2025, inayozipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni, inahusu hasa wanaobadilisha, kutunza au kuuza sarafu na mali za kidijitali kwa umma. Mfumo unaopitisha hati za shehena tu ni suala tofauti. Lakini wakikuambia kwamba ada hulipwa kwa sarafu yao wenyewe, au kwamba mawakala wa mwanzo watagawiwa sarafu itakayopanda bei, omba kwanza kuonyeshwa leseni hiyo.